Supu ya mboga nzito na laini bila maziwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Vipimo vyote humu ni vya watu wanne na sufuria ya lita 3. Kijiko kikubwa ni mililita 15, cha chai ni 5, kikombe ni 250. Maswali yamepewa namba kwa sababu majibu yanaelekezana. Mwenye haraka asome la 1 na la 2, kisha aende jikoni.

## Mambo ya mwanzo

1. Supu itakuwaje nzito na laini kama ya krimu bila krimu yenyewe?

Krimu huifanyia supu kazi mbili. Huipa mafuta yaliyogawanyika kuwa matone madogo mno yasiyoonekana, na huipa uzito, hata supu ikatambaa ulimini badala ya kupita kama maji. Kazi zote mbili zinaweza kufanywa na vitu vingine. Wanga wa kiazi, mchele au oti ukichemka hunywa maji na kuvimba, na hapo ndipo uzito unapotoka. Mafuta ya tui, ya korosho au hata ya kawaida ya kupikia, yakisagwa kwa kasi pamoja na mboga zilizoiva, huvunjikavunjika na kutawanyika. Utaona rangi ya supu inapauka kidogo papo hapo. La tatu ni kusaga penyewe. Mboga isiyoiva haisagiki, itabaki chengachenga hata blenda ingurume dakika kumi.

Kwa hiyo supu ikikusumbua, tafuta ni kipi kati ya hivyo vitatu kimepungua. Ikiwa nyepesi, wanga haukutosha. Ikiwa nzito lakini kavu mdomoni, mafuta hayakutosha. Ikiwa na chenga, mboga hazikuiva au hazikusagwa vya kutosha.

2. Nipeni kipimo kimoja cha msingi ninachoweza kubadilishabadilisha.

- Mafuta ya kupikia, vijiko vikubwa 3
- Kitunguu maji kikubwa 1 (kama gramu 150), kikatwe vipande vyembamba
- Kitunguu saumu punje 3, na tangawizi kipande cha sentimita 2 ukipenda
- Mboga kuu gramu 600 zikiwa zimemenywa: boga, karoti, koliflawa, kiazi kitamu, au mchanganyiko wa mbili
- Kiazi mviringo 1 (gramu 150)
- Maji ya moto mililita 800
- Korosho mbichi gramu 50, au tui zito la nazi mililita 150
- Chumvi kijiko cha chai 1 cha kuanzia, pilipili manga, na nusu limau

Pasha mafuta kwa moto wa wastani, tia kitunguu na nusu ya chumvi, kaanga dakika 6 hadi 8 mpaka kilainike na kung'aa bila kugeuka kahawia. Chumvi hukitoa kitunguu maji yake, na maji hayo ndiyo yanayokizuia kuungua. Tia kitunguu saumu na tangawizi, koroga nusu dakika harufu ipande. Sasa tia mboga kuu, kiazi, korosho kama ndizo ulizochagua, na maji. Ikichemka punguza moto, funika sufuria ukiacha upenyo, iache itokote dakika 15. Pima kwa ncha ya kisu: kipande kikubwa kuliko vyote kipitike bila kusukuma. Saga dakika 2 nzima. Rudisha kwenye moto mdogo, tia tui kama hukutumia korosho, onja, ongeza chumvi, zima moto, ndipo ukamulie limau.

3. Kweli supu ya swali la 2 inaisha kupikwa ndani ya nusu saa? Mimi hunichukua saa nzima.

Inaisha, na tofauti ipo kwenye kisu. Vipande vya sentimita 2 vya boga au koliflawa huiva kwa dakika 12 hadi 15. Ukivikata vya sentimita 4, muda unakaribia mara mbili. Karoti ni ngumu zaidi, kwa hiyo zikatwe slesi za nusu sentimita ili ziende sambamba na kiazi. Chemsha maji kwenye birika wakati kitunguu kinakaangwa. Maji baridi yakimiminwa juu ya mboga hula dakika nyingi za bure kabla sufuria haijachemka tena.

Palipo na haraka, usikimbize kitunguu. Kitunguu kilichokaangwa dakika mbili hubaki na ukali ambao supu nzima itaubeba.

4. Mboga zipi zinafaa, na zipi niziache?

Zinazofaa kuliko zote ni zile zenye nyama laini na nyuzi chache: boga, koliflawa, karoti, kiazi kitamu, liki (ile sehemu nyeupe), brokoli, njegere. Koliflawa inastahili sifa ya peke yake. Haina wanga mwingi, lakini ikiiva kabisa husagika kuwa laini kiasi kwamba mlaji hudhani kuna krimu ndani.

Seleri na maganda ya njegere yana nyuzi zinazokatalia blenda. Tumia kidogo, au chuja baada ya kusaga. Kabichi hufaa ikiwa robo tu ya mboga zote, kwani ikizidi na ikichemka muda mrefu hutoa harufu ya salfa. Brokoli nayo ni vivyo hivyo, isizidi dakika 8. Bilinganya ichomwe kwanza, ukiichemsha tu supu itakuwa ya kijivu na chungu kidogo. Matango ya kawaida na majani ya saladi yana maji tupu, hayana cha kuipa supu.

5. Nitumie maji matupu au vidonge vya mchuzi?

Maji matupu yanatosha kama kitunguu kimekaangwa vizuri. Vidonge vinafaa, ila vina chumvi nyingi, basi usitie chumvi nyingine mpaka mwisho. Baadhi vina maziwa ya unga au laktosi ndani. Tazama swali la 21.

6. Naweza kutumia mboga zilizogandishwa?

Ndiyo, tena bila kuziyeyusha. Zitie moja kwa moja kwenye maji yanayochemka na upunguze maji kwa mililita 100, kwa sababu zitatoa yake. Koliflawa na boga za kugandishwa huiva upesi kuliko mbichi, maana barafu imeshapasua nyuzi zake.

## Kinachoshika nafasi ya krimu

7. Kati ya korosho, tui, kiazi, maharage na oti, kipi ni bora?

Inategemea mboga na ladha unayotaka, lakini kama ni kuchagua kimoja kwa supu yoyote ile, ni korosho. Gramu 50 kwa sufuria hii huleta mafuta, wanga kidogo na ladha isiyogombana na mboga. Ukizidisha gramu 80 supu inaanza kuwa mchuzi.

Tui zito ni la haraka kuliko yote, halihitaji kusagwa, na linaelewana sana na boga, karoti, kiazi kitamu, tangawizi na manjano. Kwenye liki au uyoga linatawala. Tui jepesi halifai kazi hii. Linaongeza maji tu na kuacha harufu.

Kiazi ni cha bei nafuu na huleta uzito bila ladha ya pembeni, lakini hakina mafuta. Anayetegemea kiazi peke yake aongeze vijiko vikubwa 2 vya mafuta wakati blenda inazunguka, amimine taratibu kama uzi mwembamba. Kiazi kisizidi robo ya mboga zote, sababu zimo swali la 14.

Maharage meupe yaliyoiva, kikombe kimoja kilichojaa, hutoa supu nzito yenye kushiba. Ngozi zake hubaki kama vipande vya karatasi usiposaga muda wa kutosha. Ukianza na maharage makavu, yaloweke, umwage maji ya kulowekea, na uyachemshe kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Maharage mabichi yana lektini inayoumiza tumbo vibaya, na moto mdogo peke yake hauimalizi.

Oti, vijiko vikubwa 3 vya zile zilizopondwa, huchemshwa pamoja na mboga dakika 10 za mwisho. Ni suluhisho zuri la jikoni lisilo na kitu. Zikizidi, supu huvutika.

Mchele uliokwisha kupikwa, nusu kikombe, hufanya kazi ileile ya kiazi.

8. Lazima niloweke korosho usiku kucha?

Hapana. Ukizitia sufuriani pamoja na mboga, zile dakika 15 za kutokota zinazilainisha vya kutosha kwa blenda ya jagi. Kwa blenda ya mkono, au iliyochoka, ziloweke kwanza kwenye maji yaliyotoka kuchemka dakika 30, kisha zisage na kikombe kimoja cha maji mpaka zisiwe na chenga ukizisugua kati ya vidole, ndipo uzirudishe kwenye supu. Korosho ziwe mbichi. Za kukaanga zenye chumvi hubadilisha rangi na ladha, na chumvi utashindwa kuihesabu.

9. Sitaki supu inukie nazi. Nifanyeje?

Usitumie tui. Jibu linaonekana la mkato, lakini watu hutia viungo vingi kulificha na mwisho wanapata supu yenye nazi na viungo vingi. Badili kwa korosho, au kwa tofu laini (maziwa ya soya yaliyokatishwa yakashikana) gramu 200 isagwe humohumo. Tofu haina ladha yake ya nguvu.

10. Maziwa ya soya, lozi au oti je?

Yanaweza, lakini yana tabia. Kwanza soma paketi, maana mengi yana sukari au vanila, na hakuna kiungo kinachoweza kuiokoa supu ya vanila. Ya lozi ni mepesi mno. Yataifanya supu nyeupe bila kuipa uzito. Ya oti yana wanga, yakichemka huwa mazito na wakati mwingine hunata, basi yatiwe mwishoni na yasipashwe muda mrefu. Ya soya ni mazuri kuliko hayo mengine kwa sababu yana protini, lakini protini hiyohiyo hukatika ikikutana na nyanya au limau kwenye moto mkali. Ndivyo tofu inavyotengenezwa, na bila shaka hukukusudia kutengeneza tofu.

Kwa lolote kati ya hayo: zima moto, chota supu nusu kikombe uichanganye na maziwa pembeni, kisha mimina mchanganyiko huo sufuriani ukikoroga. Yatoshe mililita 200, na punguza maji ya kupikia kwa kiasi hicho.

11. Unga wa ngano au wa mahindi wa kuifanya supu iwe nzito?

Unga wa ngano hufanya kazi ukikaangwa na mafuta pamoja na kitunguu dakika 2, vijiko vikubwa 2, kabla ya kutia maji kidogokidogo. Ukiumwaga juu ya supu inayochemka utapata madonge. Wanga wa mahindi ukorogwe kwanza na maji baridi. Vyote viwili huleta uzito tu, na supu hiyo hung'aa kama rojo la dukani. Kwenye supu ya kusaga hakuna haja navyo. Mboga zenyewe zinatosha.

## Kusaga

12. Nisage ikiwa moto?

Kwa blenda ya mkono, ndiyo, ukizima jiko kwanza. Kichwa chake kizame kabisa kabla hujabonyeza, na kisitolewe kikiwa kinazunguka. Inamisha sufuria kidogo kama supu ni ya kina kifupi.

Kwa blenda ya jagi kuna hatari ya kweli. Supu ya moto ikianza kuzungushwa hutoa mvuke kwa ghafla, mvuke unasukuma kifuniko, na supu inaruka usoni na mikononi. Iache ipoe dakika 5 hadi 10. Jaza theluthi moja ya jagi, isizidi nusu. Toa kile kizibo kidogo cha katikati ya kifuniko, funika tundu kwa kitambaa kilichokunjwa, kandamiza kwa kiganja, anza na mwendo wa chini kabisa, kisha panda taratibu. Kama kifuniko chako hakina tundu, subiri mpaka supu iwe vuguvugu. Kusaga kwa awamu tatu ni kero, lakini kuungua ni kero zaidi.

13. Sina blenda kabisa.

Chagua vitu vinavyojivunja vyenyewe. Adesi nyekundu (wengine huziita kamande) gramu 120, zikichemka dakika 20 hupasuka na kuwa rojo bila msaada. Kiazi na karoti zikunwe kwa kikunio badala ya kukatwa. Huiva kwa dakika 8 na huvunjika ukizipiga na mchapo wa waya. Boga lililoiva sana hupondeka kwa mwiko ubavuni mwa sufuria. Ukitaka ulaini zaidi, pitisha supu kwenye chujio ukiisukuma kwa mgongo wa upawa. Malizia kwa tui zito, ambalo halihitaji kusagwa. Korosho nzima usizitumie hapa, ila siagi ya korosho au ufuta uliosagwa, vijiko vikubwa 2 vikorogwe kwanza na maji ya moto.

## Supu imeharibika

14. Imekuwa kama gundi, inavutika. Nimekosea wapi?

Kiazi kimekuwa kingi na blenda imekaa muda mrefu. Chembe za wanga za kiazi zilizovimba zikipigwa na visu vyenye kasi hupasuka na kumwaga wanga wake majini, na wanga huo ukikutana na mwingine hunata. Kadiri unavyoendelea kusaga ukitumaini italainika, ndivyo unavyozidi kuiharibu.

Acha kusaga. Ongeza maji ya moto au tui kwa robo kikombe, koroga kwa mwiko, rudia mpaka ilegee. Haitarudi kuwa kamili. Kama una mboga zaidi, chemsha gramu 300 za koliflawa au karoti, zisage peke yake na maji yake, changanya kwa mkono. Safari ijayo, saga mboga nyingine zote hadi ziwe laini, kisha tia vipande vya kiazi na ubonyeze blenda mara tano au sita fupifupi.

15. Tui limekatika.

Ukiona vitone vya mafuta juu na chenga nyeupe chini, tui limechemka kwa nguvu au limekutana na nyanya au limau kabla ya wakati. Ni salama kuliwa, tatizo ni la macho na ulimi. Saga tena sekunde 30, mara nyingi hurudi. Likikataa, tia vijiko vikubwa 2 vya kiazi kilichoiva au korosho zilizosagwa, usage tena. Wanga unasaidia kuyashika mafuta yasijitenge.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu: tui liingie mwishoni, moto mdogo, supu itetemeke tu bila kutokota, limau baada ya moto kuzimwa. Kwenye supu ya nyanya, chembe ya magadi soda (moja ya nane ya kijiko cha chai) kabla ya tui hupunguza uchachu. Itatoa povu kidogo kisha itatulia. Usizidishe, ina ladha ya sabuni.

16. Ni nzito, ni laini, lakini chapwa.

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa supu zisizo na maziwa, na karibu kila mara dawa ni moja kati ya mbili: chumvi au uchachu. Mboga na wanga humeza chumvi. Sufuria hii yenye uzito wa karibu kilo 1.7 huhitaji vijiko vya chai 1½ hadi 2 kwa jumla kama hukutia kidonge. Ongeza robo kijiko kwa wakati, koroga, subiri nusu dakika, onja. Ikishafika mahali ambapo chumvi inasikika lakini supu bado imelala, kamulia limau kijiko cha chai 1. Chota vijiko viwili vya supu, kila kimoja kwenye bakuli lake dogo, kimoja tia tone la limau, kingine usitie, uonje vyote viwili. Utaacha kubishana na limau.

Ikibaki tupu, inakosa ule utamu mzito ambao watu huuzoea kwenye jibini na nyama. Kijiko cha chai 1 cha mchuzi wa soya, kijiko kikubwa 1 cha miso (rojo zito la soya iliyochachushwa) iliyoyeyushwa pembeni, au uyoga mkavu gramu 10 uchemshwe na mboga, huujaza. Hamira ya lishe (si ile ya kuumulia mkate) vijiko vikubwa 2 pia hufaa. Viungo vya unga kama manjano na bizari nyembamba vitiwe kwenye mafuta ya kitunguu sekunde 30 kabla ya maji. Vikimwagwa mwishoni hubaki na ladha ya vumbi.

17. Ni nyepesi mno, au nzito mno.

Nzito: maji ya moto, robo kikombe kwa wakati, kisha uonje chumvi upya. Nyepesi: iache itokote bila kifuniko dakika 10, ukikoroga. Huna dakika 10? Vijiko vikubwa 2 vya oti, dakika 4 za kuchemka, saga. Ni busara zaidi kuchota kikombe kimoja cha maji ya kupikia kabla ya kusaga na kukirudisha kidogokidogo, maana kuongeza maji ni kazi ya sekunde na kuyaondoa si hivyo.

18. Supu ya kijani imegeuka rangi ya matope.

Joto na uchachu huiondoa madini ya magnesi kwenye rangi ya kijani ya jani, na kinachobaki ni kijani cha kahawia. Spinachi, majani ya njegere na majani ya viungo yatiwe dakika 2 za mwisho, supu isagwe mara moja, isifunikwe, na limau likamuliwe kwenye bakuli la kila mtu badala ya sufuriani. Kama tatizo ni kuchanganya, basi ni hesabu ya rangi tu: karoti na spinachi pamoja hutoa kahawia daima.

19. Imeshika chini na inanukia moshi.

Usikwangue. Mimina sehemu ya juu kwenye sufuria nyingine bila kugusa iliyoungua, kisha onja. Ikiwa moshi ni mdogo, tangawizi na limau vitauficha. Ukiwa umeenea, hakuna dawa. Supu iliyokwisha kusagwa huungua upesi kuliko ile ya vipande kwa sababu haizunguki yenyewe sufuriani, joto linabaki chini. Ndiyo maana pia hutoa mapovu mazito yanayoruka. Moto mdogo, na mwiko ufike chini.

20. Chumvi imezidi. Nitie kiazi kizima kiivute?

Kiazi hakichagui chumvi. Hunywa maji yenye chumvi kama yalivyo, na kinachobaki sufuriani kina ukali uleule. Kinachosaidia ni kuongeza ujazo: mboga zilizochemshwa bila chumvi, tui, au maji na wanga pamoja.

## Mzio na walaji maalumu

21. Nina mzio wa maziwa. Kuna mahali yanapojificha?

Yapo hasa kwenye vitu vya paketi: vidonge vya mchuzi, majarini, mikate ya kukaangiwa juu ya supu, na krimu za kupikia zinazodaiwa kuwa za mimea. Kwenye orodha ya viambato tafuta maziwa ya unga, wei, kaseini, kaseinati, laktosi, siagi, samli. Samli husafishwa sana lakini hubaki na chembe za protini ya maziwa, hivyo haimfai mwenye mzio.

Tofautisha na asiyestahimili laktosi. Huyo husumbuliwa na sukari ya maziwa, na maziwa yaliyoondolewa laktosi kwa kawaida humfaa. Mwenye mzio husumbuliwa na protini, nayo haikuondolewa. Ukipikia mgeni, muulize ni lipi, na uoshe blenda hadi kwenye mpira wa chini ya visu, kwani hapo ndipo mabaki hukaa.

22. Na asiyeweza korosho?

Mbegu za alizeti zilizomenywa, gramu 50, ziloweshwe kama swali la 8. Zina ladha ya udongo kidogo na hupausha rangi. Maharage meupe ni salama zaidi kwa meza yenye watu wengi. Ufuta na soya navyo ni vizio (vitu vinavyoleta mzio) vinavyojulikana, basi usivitumie kama mbadala bila kuuliza.

23. Inashibisha kama chakula kamili?

Supu ya boga na tui, hapana. Utahisi njaa baada ya saa mbili. Tia adesi nyekundu gramu 120 kavu na uongeze maji mililita 300: kila bakuli linapata kama gramu 7 za protini. Tofu laini gramu 300 inaongeza gramu 4 hivi kwa bakuli.

24. Mtoto anayeanza kula?

Mpikie bila chumvi na bila kidonge, umtengee chake, kisha ukoleze sufuria ya wakubwa. Kwake supu iwe nzito zaidi, ikae kwenye kijiko. Korosho ni kizio. Kama hajawahi kuila, anza na supu isiyo nayo.

## Kuhifadhi na hali zisizo za kawaida

25. Inakaa siku ngapi?

Kwenye friji yenye nyuzi 4 au chini yake, siku 3 hadi 4. Ipoze upesi kwa kuigawa kwenye vyombo vifupi, iingie friji ndani ya saa 2. Sufuria nzima iliyoachwa jikoni usiku hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, na ndiyo hali bakteria wanayoipenda. Ikilala itakuwa nzito kama uji. Ongeza maji unapopasha, na ipashwe mpaka ichemke.

26. Na kwenye friza?

Miezi 2 hadi 3 kwa nyuzi −18. Acha nafasi ya sentimita 2 au 3 juu, supu ikiganda hutanuka. Zenye kiazi kingi na zenye tui hutoka na chenga au maji yaliyojitenga: wanga uliopoa hujikaza na kuyatema maji. Zisage sekunde 20 zikiwa za moto. Ukijua mapema kwamba unapikia friza, tumia koliflawa na korosho, na tui liingie siku ya kula.

27. Nikipika mara mbili ya kipimo?

Zidisha kila kitu mara mbili isipokuwa maji na chumvi. Maji yawe lita 1.4, kwa sababu sufuria kubwa haipotezi mvuke mara mbili. Chumvi uionje. Kitunguu kingi kitahitaji dakika 12 badala ya 8.

28. Jiko la presha?

Kaanga kitunguu kwanza kama kawaida. Maji yapunguzwe hadi mililita 650, presha kamili dakika 5 kwa vipande vya sentimita 2. Usijaze zaidi ya nusu kama kuna adesi au oti, povu lake huziba njia ya mvuke. Presha ishuke yenyewe dakika 10 kabla ya kufungua. Tui baada ya kufungua.

29. Naishi sehemu ya juu sana, mboga haziivi kwa dakika 15.

Maji huchemka kwa joto la chini kadiri unavyopanda, pungufu la nyuzi 1 hivi kwa kila mita 300. Kwenye mita 2,000 yanachemka karibu na nyuzi 93. Kata vipande vya sentimita 1, ongeza dakika 5, funika kabisa. Kuongeza moto hakusaidii, kunakausha maji tu.

30. Nataka kwenda nayo kazini kwenye chupa ya chai.

Jaza chupa maji yanayochemka, iache dakika 5, mwaga, mimina supu iliyotoka kuchemka mpaka karibu na mdomo. Iliwe kabla haijashuka chini ya nyuzi 60, ambayo kwa chupa nzuri ni saa 4 hadi 6. Iwe nyepesi kidogo kuliko ya mezani, vinginevyo itakwama shingoni.